Mstari wa Buluu Nyuma ya Kiti: Risala ya Wakazi wa Avenyu Matofali kwa Mkuu wa Komuni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kabasele, Bourgmestre, yaani mkuu wa komuni yetu ya Mulonda. Mama uliyefuatana naye. Mkuu wa mtaa. Padri na pasta. Majirani wote, mliopata viti na mliokaa juu ya matofali:

MAKARIBISHO

Sisi wakazi wa Avenyu Matofali tunakukaribisha. Tulikuandikia barua tatu. Katika ile ya tatu tulisema tungefurahi kukuona kabla ya mvua ya kwanza. Leo ni tarehe kumi na tatu Septemba, vumbi bado linatujaa puani, kwa hiyo umefika kwa wakati. Asante.

Utaona tumekuwekea kiti mahali pa ajabu kidogo. Katika sherehe nyingine mgeni huwekwa juu, penye upepo. Wewe tumekuleta chini kabisa, karibu na kijito cha Kashita, mbele ya ukuta mmoja usio na nyumba. Hatukukosa mahali pengine. Tumefanya makusudi, na sababu tutaieleza. Kwa sasa kaa vizuri, kunywa maji yaliyo mezani, utuvumilie. Risala ina kurasa saba, lakini maombi yenyewe ni ukurasa mmoja.

TULIKOTOKA

Avenyu yetu ina nyumba arobaini na sita na umri wa miaka saba. Kabla yetu palikuwa na shamba la mahindi la mzee mmoja. Juu ya shamba kuna kilima kisichoota miti, unakiona pale, ambacho sote tunakiita Kipara.

Wengi wetu tulikuja kutoka Kasulo na mitaa mingine ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Hatuna haja ya kukueleza, wewe ni mtu wa Kolwezi. Kati yetu yupo aliyesikia wachimbaji wakiongea chini ya kitanda chake, akajua shimo la jirani limefika kwake. Wapo waliolipwa wahame, wapo waliohama bila kungoja kulipwa. Wengine walitoka Mutshatsha na Lubudi wakifuata kazi. Sote tulikuja na wazo moja: tupate mahali ambapo chini hapana kitu.

Jambo hili tunaomba ulishike, Mheshimiwa, maana bila hilo utatuona wajinga tu. Mtu wa mji mwingine akinunua kiwanja, au lupango kama tunavyosema sisi, anauliza barabara iko wapi na soko liko wapi. Sisi tuliuliza chini kuna nini. Tulimwita Stany, aliyekuwa mchimbaji miaka kumi na moja kabla ya kuwa fundi wa kujenga, tukamwambia achimbe mashimo mawili ya kujaribia mbele ya macho yetu, moja Kipara na moja huku chini. La Kipara lilitoa jiwe lenye mshipa wa kijani. Watu walirudi nyuma kama vile ametoa nyoka. Kwetu jiwe la kijani maana yake ni kwamba siku moja atakuja mtu mwenye karatasi na mashine, na wewe utafunga mizigo tena. La huku chini lilitoa udongo wa kijivu, laini, msafi, usio na madini yoyote. Tulipiga makofi.

Udongo ule ulitoka umelowa, tena mwezi wa saba, wakati nchi nzima imekauka. Tuliuona. Tukasema vizuri, kisima hakitakuwa kirefu.

Mzee mwenye shamba hakutudanganya, na hatutaki asingiziwe. Alituambia mwenyewe: "Mahindi yangu ya huku chini inaozaka, mwaka moya katika mitatu." Tulisikia neno mahindi. Neno kuoza lilipita. Tukanunua viwanja vya chini kwa bei kubwa kuliko vya juu, tukaenda kunywa soda.

Kisha tukaongeza kosa la pili. Udongo wa huku ni mzuri kwa matofali, ndiyo maana avenyu ina jina hili. Tulichimba, tukafyatua, tukachoma, tukajenga. Kila nyumba iliyopanda iliacha shimo lake hapa, na bonde likazidi kushuka. Tulikimbia mashimo ya watu wengine, tukaja kuchimba letu.

MAJI

Februari ya mwaka juzi mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Kijito cha Kashita, ambacho leo umekiruka bila kulowesha kiatu, kiliingia safu ya chini saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini na sokoni. Maji yalikaa siku tisa. Hakufa mtu, na kwa hilo tulitoa shukrani katika makanisa yote mawili. Lakini nyumba kumi na mbili ziliharibika, na nyingine nne zilianguka kabisa, kwa sababu tofali ambalo halikuiva vizuri hurudi kuwa tope.

Hapo ndipo kila mtu alipoanza kujiokoa peke yake. Tutakueleza habari ya jirani yetu Tata Kazadi na mke wake Mama Bilonda, kwa sababu maombi yetu yamesimama juu ya nyumba yao. Tata Kazadi ametupa ruhusa. Amesema tu tusimpambe.

Nyumba yao ilikuwa hapa hapa ulipokaa. Baada ya maji kuondoka, tulimshauri ahame safu ya chini. Alikataa. Alisema: "Mi nilishafukuzwa na madini. Sitafukuzwa na maji." Badala yake alileta malori manane ya udongo wa kujazia, akainua lupango lake, akajenga upya juu yake, na ukuta mmoja wa nyumba ya kwanza akauacha ulivyo nje ya kifusi. Tulimsifu. Wengine walikuja kupima kwa macho ili wamwige.

Machi ya mwaka jana maji yalirudi. Hayakuingia kwa Kazadi. Yalifika kwenye kifusi chake, yakageuka, yakaingia yote kwa jirani yake Mama Mamie, ambaye maji madogo kama yale yangemfikia kizingitini tu. Mama Mamie alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, akichota kwa beseni. Tata Kazadi alikuwa juu, pakavu, kwenye kiti, na kikombe mkononi.

"Tata Kazadi," Mamie alimwita, "uko nakunywa chai juu ya maji yangu?"

Kazadi akajibu kwamba si yeye aliyeita mvua.

"Mvula ililetwa na Mungu," Mamie akasema. "Njia ya kuingia kwangu, ni weye uliionyesha."

Maneno haya yalizunguka avenyu nzima kabla maji hayajakauka. Yalichekesha, lakini hayakumaliza ugomvi. Mama Mamie akaagiza malori yake mwenyewe, kumi. Jirani wa tatu akasema yeye ataleta kumi na mawili. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakawa wanapimana vimo vya udongo. Tungeendelea hivyo, mwenye malori mengi angekaa pakavu na mwenye machache angepokea maji ya wote.

Aliyetusimamisha ni Stany. Alisema katika mkutano: "Mu shimo, mbele ya kushuka tulipima hewa. Huku tulishuka bila kupima kitu. Tupime."

TULICHOFANYA

Mheshimiwa, hapa tunaanza kujisifu, na tunaona tuna haki.

Mafundi wa kujenga wana bomba jembamba la plastiki, refu, linaloonyesha maji ndani. Ukilijaza maji, na mtu mmoja akashika ncha hii na mwingine ncha ile, maji ya ncha zote mbili yanasimama kimo kimoja hata kama mmoja yuko mlangoni kwa padri na mwingine yuko hapa kijitoni. Stany analitumia kunyoosha msingi wa nyumba moja. Sisi tulilitumia kunyoosha avenyu nzima. Ilituchukua Jumamosi sita. Tulianza kwenye alama ya matope ambayo maji ya mwaka juzi yaliiacha kwenye ukuta huu, tukaihamisha nyumba kwa nyumba, na kila mahali tukapiga mstari wa buluu.

Tuligundua kwamba macho yetu yalikuwa yametudanganya. Avenyu inashuka polepole kiasi kwamba mguu hausikii. Kanisa la Waprotestanti, ambalo tuliliona liko bondeni, liko juu ya mstari kwa mita nzima. Katibu anayesoma risala hii, ambaye alihamia hapa baada ya maji yale, alikuwa akiwashangaa watu wa safu ya chini, jinsi walivyokubali kujenga pale. Bomba lilipopita kwake, nyumba yake ilikuwa ya kumi na tatu kutoka chini, na mstari wa buluu ulipita vidole vitatu chini ya kizingiti cha jikoni. Hakushangaa watu tena.

Baada ya kupima tuliweka taratibu, na tunazifuata. Hakuna anayeleta udongo wa kujazia bila mkutano kujua unakopelekea maji. Kifusi cha Tata Kazadi tulikikata upande mmoja, yeye mwenyewe akishika chepe, tukachimba mfereji kati yake na Mama Mamie hadi kijitoni. Nyumba yoyote inayojengwa upya, sakafu yake ianze juu ya mstari kwa mawe safu tatu. Asiyeweza kufika hapo kwa mawe, ajue kwamba hapo si mahali pa nyumba.

Utaratibu tunaoupenda zaidi ni wa mashahidi. Unajua kwamba mtu akiuza lupango, karatasi ya mauzo inatiwa sahihi na majirani. Sisi tulikubaliana kwamba hakuna jirani atakayetia sahihi kabla mnunuzi hajasimamishwa mbele ya mstari wa buluu, kwa miguu yake, akaelezwa.

Julai hii alikuja kijana anayeitwa Sadrack, kutoka Mutshatsha, na mke wake mjamzito. Mtu alikuwa anawauzia kiwanja hapo kulia kwako, penye vigingi vyekundu. Walikuwa wamekwisha kupendezwa. Mama Mamie alipomwambia habari ya maji, Sadrack alicheka kwa adabu. "Mama, maji itatoka wapi huku? Mi naona mavumbi tu." Na kweli palikuwa na vumbi, yeye hakuona vibaya. Stany akamwambia asimame, ageuze mgongo ukutani. Akaweka kiganja chake kwenye mstari, kikamgusa kijana kifuani. "Mpaka huku," akamwambia. "Na bibi yako ni mufupi kuliko weye."

Sadrack alimtazama mke wake. Kisha akavua kofia, akaomba samahani kwa kucheka. Muuzaji alikasirika. Alituuliza tunakataa kutia sahihi kama nani. Tulimjibu kwamba tunakataa kama mashahidi.

Sadrack sasa amepanga chumba kwa Mama Mamie, kwa kiangazi hiki tu. Mtoto alizaliwa wiki iliyopita, ni msichana, na hiyo sauti unayoisikia nyuma ni yake.

Januari ya mwaka huu maji yalikuja kwa mara ya tatu. Hayakumkuta mtu. Tulipoona kijito kimefika kwenye jiwe tuliloliweka alama, familia zote kumi na mbili za safu ya chini zilipanda kwa ndugu na majirani wa juu, na magodoro, vitabu vya watoto na magunia ya unga vilikuwa vimekwisha kutangulia. Siku nne, wakarudi. Hatukuomba msaada kwa mtu yeyote. Siku hiyo tulijiona watu wenye akili, na hatuna aibu kulisema.

Na huku chini hatukukuacha bure. Malupango manne ambayo nyumba zake zilianguka na wenyewe wakahama mtaa, tumeyafanya bustani. Lenga-lenga, yaani mchicha, unayoiona imestawi hapo ni ya akina mama, na maji yakija yanaacha mbolea. Tofali tunafyatua kiangazi tu, mahali pamoja, na shimo lake tumelipangia liwe bwawa la kupokea maji ya kwanza. Ardhi hii ni nzuri. Ila si ya kulalia.

KINACHOTUBANA

Baada ya maji ya Januari, nyumba ya Tata Kazadi ilipasuka. Kifusi kilikuwa kimeliwa chini kwa chini, na ufa ulitoka kona ya nyuma ukafika dirishani. Ukuta ulio nyuma yako, ule wa zamani usiosimama juu ya kifusi, ndio pekee uliobaki imara. Kazadi alitaka kuziba ufa kwa saruji. Mama Bilonda ni mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo aliita watu wawili, akapandisha ngazi, akaanza kung'oa mabati ya paa, ambayo sisi tunayaita matole.

Kazadi alimuuliza anafanya nini.

"Mi naenda juu na matole," Bilonda alimjibu kutoka kwenye ngazi. "Weye bakia na kuta."

Kazadi alikaa chini akicheka mpaka tukaogopa anaumwa. Kisha akasimama, akamshikia ngazi. Mwezi wa tano walibomoa nyumba, wakabeba matofali mazuri moja moja, wakaanza kujenga Kipara. Walikuwa wa kwanza kwenda huko. Mlima ule ambao sote tuliukimbia kwa sababu ya jiwe la kijani, Tata Kazadi, aliyeapa kwamba hataondoka tena, ndiye aliyetangulia kuupanda.

Na jiwe la kijani? Stany ameshachimba mashimo mengine manne pale juu. Anasema mshipa ni mwembamba kama kidole, hakuna mtu atakayeleta mashine kwa ajili yake. Tunamwamini. Lakini neno la Stany si hati.

Kuta za Kazadi zilipofika kimo cha paa, mwezi wa sita, alikuja mtumishi wa komuni na karatasi ya kusimamisha kazi. Hatumlaumu. Alieleza kwa upole kwamba Kipara haijapimwa wala kugawanywa, na mtu haruhusiwi kujenga. Kazi ilisimama siku ile ile. Tangu hapo familia ya Kazadi haina nyumba chini na haina nyumba juu. Watu saba wanalala katika sakristia, kwa wema wa padri, na kila Jumapili alfajiri wanakunja mikeka ili misa ipate nafasi. Bilonda anasema watoto wake hawajawahi kuwahi kanisani namna hii.

Tunacheka, lakini mvua ya kwanza iko wiki tano mbele. Ukuta wa tofali usio na paa hauwezi kuvumilia msimu mmoja. Na familia nyingine kumi na moja za safu ya chini zimefunga mizigo nusu. Ukiwauliza, wote wanajibu neno moja: tunamngoja Kazadi. Akipata paa, watapanda. Akianguka, watabaki huku, na watu wataanza kuulizana tena bei ya lori la udongo.

Kuna jambo la pili, na tunalisema kwa heshima. Vile vigingi vyekundu kulia kwako vilipandwa mwezi wa saba. Hatujui aliyetoa amri ya kuvipanda. Tumevihesabu, viko kumi na tisa, na vyote viko chini ya mstari wa buluu, kile cha mwisho kwa mita moja na nusu. Hatukuving'oa, maana kung'oa vigingi si kazi yetu. Ila tunashangaa kwamba mlima mkavu hauruhusiwi kujengwa na bonde la maji linauzwa. Pengine kuna mtu ofisini ambaye hajawahi kufika hapa isipokuwa kiangazi, kama sisi tulivyofanya miaka saba iliyopita. Kama ni hivyo, hatuna ubishi naye; kosa lake tunalijua kwa ndani. Tunaomba tu asilifanye kwa jina lako.

MAOMBI

Kwanza tuseme tusichoomba. Hatuombi magodoro. Tumeshapewa mara mbili, na godoro likilowa kwa maji ya Kashita halikauki mpaka Juni. Hatuombi mablanketi, wala mchele, wala turubai zenye jina la mtu. Waliotupa tunawashukuru. Lakini kila walipotupa, walitupa ili tukae pale pale.

Tunaomba karatasi. Malupango kumi na mawili Kipara, kwa familia kumi na mbili za safu ya chini, kila moja ikirudisha kwa komuni lupango lake la huku bondeni. Ni kubadilishana, si zawadi. Na tunaomba karatasi hiyo iandike wazi kwamba aliyehamia pale kwa sababu ya maji hatahamishwa kwa sababu ya jiwe. Maji yalikaa siku tisa, yakaondoka. Mtu mwenye karatasi ya madini akija, haondoki. Tumeshaishi na vyote viwili, kwa hiyo tunajua tunachoogopa zaidi.

Tunaomba pia bonde hili, kutoka kwenye ukuta wa nyuma yako hadi kijitoni, liandikwe kuwa la maji na la bustani, lisiuzwe tena kwa mtu, na wenye kazi ya kung'oa vigingi waving'oe. Tungependa mtaa mzima, na siyo avenyu yetu tu, uwe na bomba na mstari, mnunuzi apelekwe kuuona kabla ya kutoa chochote. Stany yuko tayari kufundisha. Bomba analo, rangi tutatoa. Na kama mfuko wa komuni utaruhusu siku moja, kalvati iliyo chini ya barabara kuu ni nyembamba kuliko pipa. Ikipanuliwa, maji yatapungua kwa wote. Hiyo inaweza kungoja mwaka ujao. Karatasi haiwezi.

KIMALIZIO

Sasa, Mheshimiwa, tunakuomba ugeuke utazame ukuta.

Huo mstari wa buluu ndio maji ya Februari. Ukiwa umekaa, unapita juu ya kofia yako. Hatukukuweka hapo ili tukuaibishe. Sadrack alisimama hapo, na kabla yake tulisimama sisi wenyewe, mmoja mmoja. Tulitaka nawe usimame hapo, kwa sababu tumeona kwamba maneno hayatoshi. Sisi wenyewe mzee wa shamba alituambia kwa mdomo wake, na hatukusikia.

Tumemaliza kusoma. Chakula hakiko hapa. Kiko juu, Kipara, ndani ya kuta za Tata Kazadi na Mama Bilonda. Kuna bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa Lualaba na kuku sita. Anayepika ni Mama Mamie, ambaye hakuna aliyemwomba. Alibeba sufuria zake asubuhi akasema jiko lisilo na paa halina moshi, bora alitumie kabla halijapata. Meza iko mlangoni. Juu ya meza kuna barua ya kubadilishana malupango, kurasa mbili, iliyokwisha kutiwa sahihi na familia zote kumi na mbili. Tumeweka kalamu mbili, maana moja huwa inagoma siku ya maana.

Mabati ishirini na mawili yameegemezwa ukutani, misumari imo katika kopo, ngazi imesimama. Stany na wenzake wanne, wale pale wenye mashati meupe, wamevaa nguo za kazi ndani. Ndiyo sababu wanaonekana wanene leo. Kutoka kwenye kiti chako hadi kwa Kazadi ni hatua mia mbili na kumi, tumezipima. Ukitia sahihi kabla ya kukaa mezani, paa litapanda huku bukari na sombe vikiiva, na wewe, Mheshimiwa, utakula chini yake.

Mungu akuzidishie nguvu za miguu kwa kilima hiki na kwa kazi yako. Ailinde nyumba yako, popote ilipojengwa. Atujalie mvua ya kulisha mashamba, na atuongezee akili ya kuipisha ipite.

Tuna furaha kuwa nawe. Tupande.

Ni sisi, wakazi wa Avenyu Matofali, nyumba arobaini na sita, na ya arobaini na saba iliyo njiani,
Komuni ya Mulonda, Kolwezi.

Imesomwa kwa niaba yao na Odile Mwadi, katibu wa kamati.